Mwandiko wa Musoki

Askari walifika Kithembo asubuhi, Musoki akiwa bado anamenya mihogo nje ya jiko. Risasi zilikuwa zimesikika upande wa mpaka wa Kongo, na kila mtu kuanzia Bwera mpaka Nyakiyumbu alijua kutakuwa na msako. Walikuja polisi na wanajeshi pamoja. Walianza na nyumba zilizo karibu na barabara, wakapanda polepole kuelekea mashamba yanayopakana na mbuga. Walipofika kwa Kosmasi walikuwa wamechoka, na hawajapata kitu.

"Toka wote. Kaa chini pale," alisema aliyewaongoza, polisi mrefu ambaye wenzake walimwita afande Nobert.

Kosmasi alitoka akakaa kwenye udongo, mkono wa kushoto ndani ya mfuko wa koti kama kawaida yake. Musoki alikaa karibu naye na watoto wao wawili, Resty na mdogo wake Bright. Majirani walianza kukusanyika nje ya ua, mmoja mmoja, kama watu wanaopita tu.

Bunduki ilikuwa ndani na haikufichwa. Ilikuwa bunduki ya zamani ya marisau, mali ya chama cha wakulima, na Kosmasi ndiye aliyechaguliwa kuitunza ili afukuze tembo wanaotoka mbugani. Kibali chake kilitundikwa ukutani ndani ya karatasi ya nailoni, chini ya picha ya Bikira Maria. Nobert alikisoma, akakilinganisha na namba iliyochongwa kwenye chuma, akakirudisha mahali pake. Alikuwa ameshageuka kuondoka, mwanajeshi mmoja alipotoka chumbani na bati la biskuti.

Ndani yake mlikuwa na maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, chupa ndogo ya baruti na kipande cha nta. Chini kabisa kulikuwa na daftari la shule lenye jalada la bluu.

Kijiji kizima kilijua habari za bati hilo. Risasi za dukani zilitoka Kampala, na chama kilifanikiwa kununua boksi moja tu. Boksi likaisha na tembo wasiishe. Basi Kosmasi akawa anajaza maganda upya, baruti tupu bila marisau, kwa sababu hakutaka kuua tembo, alitaka mlio tu. Aliyepata ganda mahali popote alimletea. Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe, mzee Crispus, aliwahi kumletea maganda kwenye mfuko wa sukari. Kibali cha ukutani kiliruhusu bunduki na risasi za kununua. Hakikuruhusu kutengeneza.

Nobert alifungua daftari akaanza kusoma kwa sauti, ili kila aliye nje ya ua asikie.

"Ganda la msalaba. Mara ya tatu. Tembo kwa Vasta. Sauti nzuri." Aligeuza ukurasa. "Ganda la duara. Mara ya nne. Lina ufa. Tumetupa." Akageuza tena. "Ganda la mistari miwili. Kwa Kaswera. Halikulia."

"Tembo ni nani?" aliuliza mwanajeshi.

"Ni tembo, afande," alisema Kosmasi. "Hawa wa mbugani."

"Nauliza ni nani. Ni gari? Ni kikosi?"

Mtu mmoja nje ya ua alicheka kidogo, halafu akanyamaza. Nobert hakucheka. Alichuchumaa mbele ya Kosmasi na kumwekea daftari usoni.

"Hii kitabu ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Wewe ndiye uliandika?"

"Mimi."

Musoki alimtazama mumewe, lakini Kosmasi hakumtazama. Nobert alitoa kalamu mfukoni, akafungua ukurasa mweupe.

"Andika hapa. Andika 'tembo kwa Vasta'. Maneno yale yale."

Kosmasi alipokea kalamu. Kanisani alikuwa mzee wa baraza, na kila Jumapili alishika kitabu cha nyimbo mbele ya kifua chake, akigeuza kurasa wenzake walipogeuza. Nyimbo zote alizijua kwa moyo. Katika Kithembo yote, Musoki peke yake ndiye aliyejua kwamba kurasa zile hazikuwahi kumwambia kitu. Aliweka ncha ya kalamu kwenye karatasi, na pale ilipogusa pakatokea doa la wino. Doa likakua. Nje ya ua watu walinyamaza, na ukimya wao ukamwumiza zaidi kuliko kile kicheko.

"Andika, mzee. Watu wanangoja."

Alichora mstari uliosimama, kisha mwingine, akaacha.

"Muache, afande," alisema Musoki. "Hajui kuandika. Huo mwandiko ni wangu."

Nobert alisimama. Alimtazama Musoki kana kwamba ndiyo kwanza anamwona, mwanamke aliyekaa na kisu cha mihogo kando yake na unga mweupe umekauka kwenye vidole.

"Kumbe," alisema. "Mwenye kazi ni mama. Wapandisheni wote wawili kwenye gari."

*

Kituoni Bwera waliwatenganisha. Kosmasi aliachwa kwenye benchi, na Musoki akaingizwa kwenye chumba chenye meza moja. Nobert aliweka daftari katikati yao.

"Umezaliwa wapi?"

"Butembo."

Kalamu ya Nobert ilisimama. "Kongo."

"Nililetwa hapa nikiwa msichana, nikaolewa hapa. Watoto wangu wamezaliwa hapa."

"Ndugu zako wako huko?"

"Kaka yangu yuko Beni, kama bado yuko. Hapokei simu siku nyingi."

"Yuko msituni na waasi?"

"Alikuwa anauza viatu sokoni, afande. Sijui aliko."

Nobert aliandika jambo. Alikuwa na macho mekundu ya mtu ambaye hajalala, na simu yake ilikuwa ikiita kila baada ya muda mfupi. Kila mara aliitikia, "Ndiyo, mkubwa," kisha akairudisha mezani.

"Sasa nielezee. Mtu anayetengeneza risasi anaandika ili ajue ametengeneza ngapi na amempa nani. Hii ni kiwanda, mama."

"Soma mstari wa kwanza."

Alifungua ukurasa wa kwanza. Mwandiko wa hapo ulikuwa mbaya kuliko wa kurasa nyingine, kama wa mtu anayetetemeka. Nobert aliusoma kimya: Ganda hili lilipasuka. Limekata vidole vya Baba Resty. Hatukujua limetumika mara ngapi.

"Ganda linachoka," alisema Musoki. "Ukilijaza mara nyingi linapata ufa, na ufa wenyewe hauonekani. Yeye alikuwa anachukua lolote tu kutoka kwenye bati. Siku ile lilipasuka mkononi, nikamfunga kwa nguo ya mtoto. Nikamwambia usirudie kazi hii. Akasema, tembo wakila mahindi tutakula nini. Basi nikamwambia, kila ganda utalitia alama, na mimi nitaandika kila mara ulipolitumia. Likizeeka nalitupa mwenyewe chooni. Niliandika kwa sababu sikutaka kuwa mjane."

Simu ya Nobert ikaita tena. Safari hii aliiacha iite mpaka ikanyamaza.

"Mimi naweza kukuelewa," alisema. "Lakini wakubwa wanaitaka hii kitabu. Wakisema ni mambo ya waasi, itaenda Kampala, na wewe utaenda nayo. Kuna mtu mkubwa anayekujua hapa?"

"Mwenyekiti wetu."

Jioni hiyo Kosmasi alitolewa. Alijaribu kusema kwamba risasi ni kazi yake, lakini askari wa kaunta aliyesikia habari za asubuhi alimkatiza. "Wewe ulishasema kitabu ni yako ukashindwa kuandika neno moja. Sasa unasema risasi ni zako. Kesho utasema nini? Nenda nyumbani. Leta barua ya mwenyekiti."

*

Crispus hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa, na hofu yake ilikuwa na sababu. Kama polisi wangeuliza maganda yalitoka wapi, jina lake lingekuwa la kwanza. Kesho yake asubuhi alimweka Kosmasi barazani muda mrefu kabla ya kutoka na karatasi yenye mhuri.

"Nimeandika kwa Lhukonzo, lugha yetu, waitafsiri wenyewe," alisema. "Isome uone kama iko sawa."

Kosmasi aliipokea. Aliishika jinsi alivyoshika kitabu cha nyimbo, kisha akairudisha.

"Nisomee, mwenyekiti."

"Ah. Nilisahau." Crispus alikohoa, akashika karatasi karibu na macho. "Inasema Musoki ni mke wa Kosmasi, muumini wa kanisa, tunamfahamu hapa kijijini kwetu."

"Ndiyo hayo tu? Naona maandishi ni mengi."

"Mengine ni salamu na cheo changu. Barua za ofisi ndivyo zilivyo."

"Wasingya, mwenyekiti," alisema Kosmasi. Alimshukuru mara mbili, tena kwa kuinama.

Alishuka barabarani na barua ndani ya shati, mkononi amebeba bakuli la ugali na maharage aliyopika Resty. Penye njia panda alimkuta Kaswera amepanga chupa zake za mawese juu ya gunia. Kaswera alikuwa mkimbizi kutoka upande wa Beni, ambako lugha yao haipishani sana na Lhukonzo. Alikodi kipande cha shamba karibu na mbuga, na siku za soko alikwenda Mpondwe kuuza. Yeye na Musoki walisukana nywele na kuongea Kiswahili cha kwao.

"Papa Resty, habari ya dada yangu?"

"Nampelekea barua. Mwenyekiti ameandika vizuri sana. Pengine leo watamtoa." Aliitoa kwa fahari kidogo. Tangu jana hakuwa na kitu kingine cha kumwonyesha mtu.

Kaswera alijifuta mafuta mikononi na kuichukua. Aliisoma mpaka mwisho, akarudi juu akaisoma tena.

"Nani alikusomea iyi barua?"

"Mwenyekiti mwenyewe."

"Alisoma yote?"

Kosmasi alitazama maandishi kwenye karatasi.

"Sipendi kukuvunja roho," alisema Kaswera. "Lakini iko mubaya. Inasema Musoki alitoka Congo, na mambo yake na batu ya ng'ambo kijiji haijui. Inasema hakuna mutu hapa alijua kama anatengeneza risasi. Ukiipeleka, bibi yako hatarudia nyumba."

Pikipiki ilipita ikawarushia vumbi. Kosmasi alikaa kwenye ukingo wa gunia bila kukaribishwa, bakuli mapajani. Nusura akabidhi barua ile polisi kwa mikono yake mwenyewe, tena akitabasamu. Angesimama kaunta akingoja mkewe atolewe, na wao wangekuwa wanaisoma mbele yake.

"Laiti mimi ningejua kusoma," alisema.

"Haiko kosa yako ya kusoma. Ni yeye aliogopa." Kaswera aliikunja barua akampa. "Sasa nani ingine anajua kweli?"

"Wote wanajua."

Kwanza alikwenda Bwera na chakula. Mlinzi wa lango alikifunua akakikoroga chote kwa kijiti alichookota chini, kisha akamwambia aonje. Kosmasi alionja. Mlinzi akamwambia aonje tena, maharage safari hii, na wenzake wakatazama. Alitafuna, akameza, akasema, "Asante, afande." Musoki hakuruhusiwa kutoka kumwona.

*

Mchana wote alizunguka nyumba za watu ambao mashamba yao aliwahi kuyalinda. Hakuhitaji daftari kuwajua. Mmoja alisema mkewe ni mgonjwa. Mwingine alisema angekuja, lakini kitambulisho chake kimepotea. Wa tatu alizungumza naye kupitia dirishani bila kufungua mlango. "Kosmasi, wewe tunakupenda. Lakini mambo ya risasi, siku hizi, nani atajiweka hapo?" Vasta, mjane aliyelima kando kabisa ya mbuga, alimpa kiti na maji ya kunywa, akalia, kisha naye akasema hapana. Alikuwa na wajukuu. Kosmasi akamwambia ameelewa, na alikuwa ameelewa kweli.

Alfajiri tembo waliingia. Bunduki ilikuwa kituoni. Watu walipiga madebe na masufuria, lakini tembo wale walishazoea madebe. Kulipopambazuka, shamba la Vasta lilikuwa limelala chini kama lililofyekwa, na nyayo kubwa zilikuwa zimejaa maji.

Vasta alipofika shambani alimkuta Kosmasi ameshatangulia. Alikuwa akiokota mahindi ambayo hayakukanyagwa na kuyatia kwenye kikapu, kwa mkono wa kulia, kikapu kikining'inia kwenye kile kiganja cha kushoto kilichobaki na vidole vitatu. Hakusema neno juu ya Bwera. Waliokota pamoja mpaka jua likatoka. Mahindi yalikuwa machanga, mengine hayakuwa na punje bado.

"Umeshapika chakula cha Musoki?" aliuliza Vasta.

"Resty anapika."

"Mwambie asipike. Nitachemsha haya." Alifunga kanga kiunoni kwa nguvu. "Halafu nitayabeba mwenyewe mpaka huko. Wakitaka kuniuliza kitu, waniulize."

Kwenye njia panda Kaswera aliziacha chupa zake kwa mwenye kibanda cha jirani, akaungana nao bila kuulizwa.

*

Afande Nobert aliwapokea watatu wakiwa wamesimama, kwa sababu chumba kilikuwa na kiti kimoja tu. Alikuwa mchovu kuliko juzi. Gari la kupeleka mafaili kwa wakubwa lilitarajiwa jioni.

"Barua ya mwenyekiti iko wapi?"

"Ninayo," alisema Kosmasi. "Lakini si ya kweli. Nimeleta watu badala yake."

Nobert alinyoosha mkono, akasubiri. Kosmasi alisita, kisha akampa. Nobert aliijua Lhukonzo. Aliisoma, akaiweka chini ya daftari.

"Nani anaanza?"

"Mimi ndiye Vasta," alisema Vasta. "Imeandikwa humo tembo kwa Vasta. Ni mimi. Bunduki ililia wakarudi mbugani, nikavuna. Juzi mmeichukua. Leo nimevuna haya." Aliweka sahani ya mahindi machanga juu ya meza, karibu na simu. "Onja, afande. Mlinzi wako amesema lazima yaonjwe."

Nobert aliyatazama mahindi. "Na wewe?" alimwuliza Kaswera.

"Kwa Kaswera, halikulia. Ni miye." Alitoa karatasi yake ya ukimbizi, iliyochakaa kwenye mikunjo. "Ile siku halikulia, tembo balikula maharage yangu yote. Musoki aliandika vile ilikuwa. Kama alikuwa anasaidia batu ya musituni, angeandika ya kwamba risasi imeharibika?"

"Unajua nikiweka jina lako kwenye faili, ofisi ya wakimbizi watakuita?"

"Najua."

"Na bado unataka?"

"Andika tu, afande. Musoki ni dada yangu."

Nobert aliandika. Kisha Kosmasi alisogea mbele na kutoa mkono wa kushoto mfukoni. Aliuweka mezani, kiganja juu. Vidole viwili vilikuwa vimekatika, na chembe nyeusi za baruti zilikuwa zimezama ndani ya ngozi mpaka kwenye kifundo, kama mbegu.

"Mwite mke wangu umwangalie mikono," alisema. "Hana alama hata moja. Kazi ya kujaza ni yangu. Niliambiwa hapa kwamba nasema uongo, na kweli nilisema uongo juu ya kuandika, kwa sababu nilitaka mumwache, na pia niliona aibu. Sijui kusoma. Sijui kuandika jina langu. Risasi ndiyo najua."

Nobert aliutazama mkono kwa muda mrefu. "Mzee, unaelewa unachosema? Nikiandika hivyo si hadithi tena. Kibali chako hakiruhusu kutengeneza. Utalala ndani leo, na utakwenda mbele ya hakimu."

"Hakimu wa hapa Bwera?"

"Nikiandika mapema, kabla gari halijafika, wa hapa. Mtu wa bunduki yenye kibali aliyejaza maganda bila ruhusa. Hiyo ni kesi ya hapa." Alitazama simu, halafu dirisha. "Mama hatakuwa na kesi. Atakuwa shahidi."

"Basi andika mapema," alisema Kosmasi.

Mwishowe hakimu alimpa miezi minne katika shamba la gereza, akisema amezingatia mkono wake na maneno ya majirani. Bunduki haikurudi Kithembo. Chama kilianza kupanda pilipili kwenye mpaka wa mbuga, zikasaidia kidogo, na Crispus aliachia uenyekiti akisema ni afya. Musoki hakugombana naye. Walipokutana kanisani alimsalimia, ila hakuwahi tena kukaa benchi moja na mke wa mzee huyo. Lakini hayo yote yalikuja baadaye.

Siku ile Nobert alipomaliza kuandika maelezo, aligeuza karatasi upande wa Kosmasi na kuvuta kibati cha wino.

"Weka kidole gumba hapa chini."

Watu wengine walikuwa wameingia kaunta, na mlango ulikuwa wazi. Askari wa kaunta aliyemkatiza juzi alikuwa amesimama hapo hapo.

"Sijui kilichoandikwa," alisema Kosmasi kwa sauti ya kawaida. "Mke wangu anisomee."

"Mimi nitakusomea."

"Hapana, afande. Ni yeye."

Nobert alifikiri, akamwagiza askari. Musoki aliletwa, miguu mitupu, kitambaa cha kichwa kimelegea. Alimwona Vasta, akamwona Kaswera, akaona mkono wa mumewe ukiwa wazi mezani mbele ya watu, mkono ambao hata watoto waliuona kwa nadra. Alivuta karatasi akaanza kusoma, akitia kidole chini ya kila neno, polepole, kama alivyozoea kumsomea mumewe barua za shule ya Resty.

"Mimi Kosmasi, mkulima wa Kithembo, ninakiri kwamba nimekuwa nikijaza maganda ya risasi nyumbani kwangu." Alisogeza kidole mstari wa pili. "Mke wangu hakujaza. Aliandika tu niliyomwambia. Nimekuwa nikitengeneza risasi hizo kwa ajili ya kufukuza wanyama na kuuza."

Kidole chake kilisimama.

"Ulisema kuuza?"

"Sijasema," alisema Kosmasi.

"Afande, hapa mmeandika 'na kuuza'."

"Ni maneno ya kawaida tu, mama. Ndivyo tunavyoandika kesi hizi."

"Yeye hakusema."

"Gari linakuja, mama. Akitia kidole tumemaliza."

"Hatatia." Hakupandisha sauti. "Sikuandika neno ambalo halikuwa. Hata lile ambalo halikulia niliandika kwamba halikulia. Na wewe toa neno hilo."

Askari wa mlangoni alimtazama mkubwa wake. Nobert alipumua, akachukua kalamu, akakata maneno mawili na kutia sahihi yake ndogo pembeni. Alimrudishia karatasi. Musoki akaanza tena kutoka juu, sentensi moja moja, mpaka mwisho.

"Sasa?" aliuliza Nobert.

"Sasa iko sawa," alisema Musoki, akimwambia mumewe.

Kosmasi alikandamiza kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, bila haraka, watu wote wakiona. Alipokiinua hakujua akifute wapi. Musoki alishika mkono wake, akaukunjua, akakifuta kidole kwa pindo la kitenge chake.